Panga la Kuazima Halimjui Mwenye Mianzi

Panga la kuazima halimjui mwenye mianzi. Mmenisikia nikisema hivyo mlipokuwa mnabishania vitabu vya kufundishia vijana wa kanisani, kila mmoja akisifu cha kwake kwa uzuri wa jalada, nanyi mkataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, tulieni basi. Methali hii ilizaliwa hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Iringa, alikuwapo mwalimu wa vijana wa kanisa aliyeitwa Obadia. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mno kuonekana wa kisasa. Alikwenda semina mjini, akawakuta walimu wenzake wanakimwagia sifa kitabu kimoja kuhusu vijana na ulevi. Karatasi laini, picha za rangi. Kiliandikwa kwa ajili ya vijana wa mjini waliozama kwenye pombe.

Vijana wa Obadia hawakuwa wanywaji. Kilichowanyima raha ni kingine. Wasichana walikuwa wakichukuliwa mmoja baada ya mwingine kwenda mjini kufanya kazi za ndani, na Edina, msichana aliyelelewa na bibi yake, alikwisha kumwomba, "Mwalimu, tufundishe hilo. Mtu akija na nauli mkononi, tumjibu nini?" Obadia akasema wataliangalia. Kisha akarudi na kitabu chake cha picha.

Somo la mwisho lilikuwa na kazi ya kufanya: vijana waende wakaondoe chanzo cha ulevi mahali wanapoishi. Obadia aliisoma kwa sauti nzuri, akafunga kitabu, akawaombea, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Hakujiuliza chanzo hicho pale kijijini ni kipi, wala ni cha nani.

Vijana walikijua. Mvua zilikuwa zimeanza, na wenye mianzi walikuwa wakigema ulanzi, ile pombe inayodondoka kutoka kwenye chipukizi la mwanzi likikatwa ncha. Mianzi iliyokuwa karibu na kanisa ilikuwa ya Bibi Sekalinga, bibi yake Edina, mjane aliyelisha na kusomesha wajukuu kwa ulanzi huohuo. Siku hiyo Edina alikuwa mashineni kusaga. Wenzake wakapita kwa bibi kuazima panga. Bibi alidhani wanakwenda kufyeka uwanja wa kanisa, akawapa, tena akawanolea kwanza.

Walirudi kanisani wakiimba, mikono imejaa utomvu. Obadia akawasifu mbele ya kwaya nzima, akasema hao ndio vijana wa imani. Ndipo akauliza, "Mmekata wapi?"

"Kwa Bibi Sekalinga," wakajibu. "Machipukizi yote, mpaka chini, kwa panga lake mwenyewe."

Uso ulimwaka moto. Bibi huyo ndiye aliyempikia alipohamia kijijini, hadi alipopata jiko lake mwenyewe. Na chipukizi likishakatwa chini, hakuna ulanzi mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Akachukua panga kulirudisha. Alimkuta bibi jikoni.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, baba. Karibu kigoda."

Ilikuwa sauti ileile ya siku zote. Obadia alitamani angalau atukanwe.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Vijana walifuata kitabu."

"Aliyekiandika ananijua?"

"Hakujui, bibi. Yuko mbali."

"Basi huyo simlaumu. Panga la kuazima halimjui mwenye mianzi." Akalipokea, akaliweka nyuma ya mlango. "Ila wewe uliyelishika, baba, na wewe hunijui?"

Obadia aliinuka akatoka. Aliona aibu kiasi kwamba hata kuaga hakuweza.

Jumapili alisimama mbele ya usharika akakiri kosa ni lake, si la vijana. Msimu mzima alimlimia bibi shamba, na vijana wakashika majembe pamoja naye. Lakini mahindi hayaivi kwa majuto, na wajukuu hula kila siku. Kabla mvua hazijaisha, mtu alikuja na nauli mkononi, na bibi hakuwa na cha kumzuilia Edina.

Obadia alikutana na mtu huyo na Edina njiani, msichana amebeba kifurushi chake kichwani.

"Shikamoo, mwalimu," Edina akasema, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Marahaba," akaitikia, macho chini. Alikuwa amemfundisha miezi mingi, na yote ilikuwa juu ya pombe, naye Edina hakuwahi kuionja. Alisimama palepale mpaka wakapotea kwenye kona, kwa kuwa alishindwa kurudi kijijini kuonana na watu.

Basi vitabu vyenu ni vizuri, sikatai. Lakini mmeshawauliza hao vijana wana shida gani? Mbona mnatazamana? Nendeni mkawaulize kwanza, ndipo mchague. Maana kikija kumkata mtu, kitabu hakitaona haya, mtaona ninyi. Panga la kuazima halimjui mwenye mianzi.