Kibuyu Kilichosema Bado

Sogeeni, wanangu, nina ngano. Mniitikie: iingie, nafasi ipo!

Mwaka wa njaa, Mwatumu alikopa mtama kwa zimwi bila kumwambia mumewe wala mama mkwe wake. Zimwi likampa kibuyu kitupu. "Mwezi mpya ukiandama, nikikute kimejaa mtama. Kisipojaa, namla mwanao Mize."

Kila jioni Mwatumu alitoa konzi moja kwenye fungu lake, akaitia kibuyuni, akalala na njaa.

Juma la kwanza alikiuliza, "Umejaa?"

"Bado sana."

Juma la pili, "Umejaa?"

"Bado."

Juma la tatu, nguo zinampwaya, "Umejaa?"

"Bado kidogo."

Mwezi ukaandama. Zimwi likasimama mlangoni, mate yanalitoka. Mwatumu akamkumbatia Mize, akauliza, "Umejaa?"

"Nimejaa mpaka shingoni!"

Zimwi likapima, likapima tena. Likaondoka na mtama wake.

Mwatumu akageuka. "Konzi zangu pekee zisingekijaza. Nani ametia?"

Mumewe akainama. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mkaza mwanangu, ulidhani sisi vipofu? Sahani yako haichafuki, na kibuyu umekificha nyuma ya kinu ninachotwangia mimi! Nilitia changu, mumeo akatia chake."

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Wewe je, mbona hukutuambia?"

Mwatumu akalia sana. Jioni ile mama mkwe alishika upawa mwenyewe, na sahani aliyoanza kuijaza ilikuwa ya Mwatumu.

Ngano yangu naitua hapo.