Sungura Asafiri Chini ya Tenga

Ulikuwa mwaka ambao mawingu yalikuja, yakatazama chini, yakaenda zake. Mto ukabaki mchanga mtupu, na kila mnyama akawa anakula alichojiwekea. Sungura hakuwa amejiwekea kitu. Wenzake walipokuwa wakilima, yeye alikuwa akifikiri, na ghala halijazwi kwa fikira. Basi akawa anazunguka nyumba hadi nyumba, masikio yamelegea, akijiambia, "Mimi na akili zangu hizi, nitakosaje chakula?" Tumbo lake likamjibu kwa sauti iliyosikika hadi njia panda.

Asubuhi moja akapita nyumbani kwa Mama Fisi. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda mtoni kufukua mchanga apate maji, amemwacha bintiye mdogo, Chausiku. Kutoka ndani Sungura akasikia mtoto akipiga kelele: "Haya, inuka! Nyoosha mkonga! Twende!"

Akachungulia dirishani. Chausiku alikuwa ameketi ndani ya tenga kuukuu karibu na mafiga, anayumba huku na huku, kipande cha kamba mkononi.

"Chausiku, unafanya nini?"

"Shikamoo, mjomba. Nimepanda tembo. Ninakwenda kwa Mvua."

"Kwa Mvua?"

"Amelala. Ninakwenda kumwamsha, ili mama asiende tena mtoni."

Sungura hakulicheka tenga. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kichanja cha jikoni, palipokuwa na kibuyu kilichofungwa mafundo juu ya mafundo. Nchi nzima ilijua kilichomo: karanga za mbegu, za kupanda siku mvua itakaponyesha. Na mafundo yale Mama Fisi hakuyafunga kwa kuogopa wezi. Aliogopa tumbo lake mwenyewe.

"Bahati iliyoje!" akasema Sungura. "Hata mimi naelekea huko huko. Hebu nifungulie."

"Mama amesema nisimfungulie mgeni yeyote."

"Mgeni, sawa. Je, abiria?"

Chausiku akafikiri. Kweli, mama hakuwataja abiria. Akafungua.

"Lakini mwanangu," akasema Sungura mara alipoingia, "utamwamsha Mvua mikono mitupu? Mkubwa yule! Mkubwa huendewa na zawadi. Kibuyu kile pale juu kingefaa. Usijisumbue, nitakibeba mimi."

Akapanda juu ya kinu, akakitungua, akajibana nyuma ya Chausiku ndani ya tenga. Safari ikaanza. Wakavuka jangwa la majivu. Wakapenya msitu wa kuni. Wakafika kwenye mkeka, nao ulikuwa ziwa, ikabidi Sungura akunje miguu asilowe. Alikunja, huku akijiuliza atashuka vipi.

Ghafla Chausiku akaruka. "Simba! Shuka, mjomba! Akiiona zawadi ataichukua. Ingia pangoni!"

Akalipindua tenga. Sungura nusura acheke. Alikuwa akitafuta mahali pa kulia bila kutazamwa, na sasa mtoto anampa mahali penyewe na paa juu. Akajikunja na kibuyu chake, tenga likamfunika, na Chausiku akaketi juu yake. Naye alikuwa mtoto wa Fisi hasa: ukame ulikuwa umemkondesha kila mtu, yeye haukumgusa. Humo ndani Sungura akayakata mafundo kwa meno.

Kru, kru, kru.

"Mjomba, nini kinalia humo?"

"Meno yangu, mwanangu. Yanagongana kwa kumwogopa Simba."

"Basi yatulize."

Hayakutulia mpaka kibuyu kilipofika nusu. Hapo Sungura akasukuma tenga. Halikusogea.

"Chausiku, Simba ameshapita?"

Sauti nzito, yenye majivuno, ikatoka juu: "Nani anayenong'ona katika nchi yangu bila kuniamkia?"

Sungura akaguna. Yeye, aliyewahi kumzungusha Simba wa kweli mpaka akapata kizunguzungu!

"Shikamoo, mfalme."

"Sikusikia."

"Shikamoo, mfalme mwenye manyoya ya dhahabu!"

"Marahaba. Kaa hapo hapo."

Jua likapanda. Mama Fisi angerudi wakati wowote, na Sungura akaanza kutoka jasho. Akaona heri aseme kweli, japo hakuwa na mazoea nayo.

"Chausiku, mchezo umekwisha. Hili ni tenga tu. Hakuna tembo, hakuna Simba, wala hakuna mahali Mvua alipolala."

Kisha sauti ndogo, isiyo ya Simba, ikauliza: "Hakuna safari?"

"Hakuna."

"Basi karanga za mama ulizibeba za nini?"

Sungura akapiga hesabu. Kama safari ipo, Simba naye yupo, na yeye hatoki. Kama safari haipo, yeye ni mwizi. Siku zote alikuwa na njia ya tatu. Akaitafuta humo gizani, akapapasa maganda tu. Akajiona mjinga, tena mjinga aliyeshiba.

"Tembo yupo," akasema kwa unyonge. "Nilikosea."

"Basi na Simba yupo," akasema Chausiku, akajiweka sawa juu ya tenga.

Hivyo ndivyo Mama Fisi alivyowakuta aliporudi na mtungi wake wa maji ya tope.

"Nani yumo humo?"

"Abiria wangu, mama. Amebeba zawadi ya Mvua. Lakini nadhani ameila."

Mama Fisi akatazama kichanja, akatazama tenga, akajiramba midomo.

"Mama Chausiku, dada yangu," akasema Sungura, "mimi ni mifupa na masikio tu."

"Masikio nayapenda."

"Usimle, mama!" Chausiku akaanza kulia. "Hatujafika bado!"

Mama Fisi akameza mate, akajishika kiuno kilichokuwa kikimuuma kwa kufukua. Kumla Sungura kungekuwa mlo wa leo. Maji yangetakiwa kesho na keshokutwa. Akachukua ile kamba ya mtoto, akamfunga Sungura kiunoni, akampeleka mtoni.

Siku kadhaa baadaye Digidigi alipita kando ya mto, akaona masikio mawili yakichomoza shimoni.

"Bwana Sungura! Mjanja kama wewe, umefikaje humo?"

Sungura akatua jembe, akajipangusa uso, akacheka peke yake.

"Nilipanda tembo asiyekuwapo, nikamwamkia Simba asiyekuwapo, nikakaliwa na mtoto aliyekuwapo. Ndugu yangu, njia ya mwongo ni fupi."