Kifaranga wa Pili

Vuta kigoda, kaa, tega sikio. Ni fupi hii, na wewe mtu mzima inakuhusu.

Mwanamke mmoja alikuwa na vifaranga wasio na mama. Jina lake Kalunde, mjane, anakaa pale lami inapokatika na mashamba yanapoanza. Ugonjwa wa kideri ulipita mtaani kwao ukafagia kuku, kwake ukamwachia tetea mmoja tu. Tetea akaatamia, akatotoa, halafu akagongwa na bodaboda. Wakabaki hao vifaranga. Wakiisha hao, Kalunde hana mbegu tena ya kuku.

Na mwewe akaijua nyumba. Jua likipanda anashuka, anaondoka na mmoja.

Kalunde akasema hapana, haiwezekani. Akasimika miti, akazungushia waya, akapiga bati juu. Ndani akaweka chenga za mchele na maji. Sasa mtaani kwao hakuna aliyewahi kufungia kuku. Kuku anazurura mchana, usiku analala jikoni, basi. Majirani wakaja kuegemea uzio.

"Jamani, mwenzetu kajengea kuku jela!"

"Kesi yao inasomwa lini, mama?"

Aliyecheka kuliko wote ni Nyanzala, jirani wa ukuta kwa ukuta, shoga yake wa kusukana nywele.

Na vifaranga wenyewe hawakutaka. Wanafika mlangoni, wanaona bati linang'aa, wanaganda. Mmoja akipiga kelele, wote wanapiga kelele. Hata yule ambaye hakuwa na woga anaukuta kwa wenzake, anauchukua, anakimbia nao.

Kalunde akawasukumia ndani kwa nguvu. Wakakimbilia kona moja, wakalaliana, wa chini akakosa pumzi akafa. Huyo hakuuawa na mwewe. Kalunde akamwokota, akamtazama. Akawatoa wote.

Akajaribu kumwingiza mmoja peke yake. Yule akasimama katikati ya chenga akalia mpaka sauti ikakauka, na hakudonoa hata punje. Kule kwenye uzio wakasema, si tulimwambia?

Basi Kalunde akachukua plaizi aung'oe ule waya. Ameshika waya wa kwanza, ndipo akamwona kishingo, kifaranga mmoja mwenye shingo isiyo na manyoya. Kaingia mwenyewe. Akadonoa mara moja, akageuka nyuma, akakuta hamna mtu. Akatoka mbio. Akaingia tena, akageuka tena, hamna mtu, mbio. Hakuwa anaogopa bati huyu. Alichoshindwa ni kuwa peke yake.

Kalunde akashusha plaizi. Akachuchumaa, akatulia.

Kishingo akaingia tena. Safari hii kuna mweusi mmoja akamfuata. Huyo mweusi hana lolote, siyo mkubwa, siyo mbabe, miguu inamtetemeka. Kuingia kaingia, lakini hakudonoa, hakufanya kitu. Kasimama tu ubavuni kwa mwenzake. Kishingo akageuka nyuma, akakuta yupo mtu. Akainamisha kichwa, akala kwelikweli. Akaingia wa tatu, na baada ya hapo mlango ukawa mdogo, wanapigana vikumbo kuingia.

Kalunde akafunga. Haukupita muda, kivuli kikapita juu ya bati. Mwewe akazunguka, akazunguka, akakosa. Akashukia uwanjani kwa Nyanzala, akaondoka na kifaranga wa kule.

Kwenye uzio kicheko kikakatika. Kila mtu kaona kwa macho yake. Lakini hakuna aliyejongea. Huyu anamwangalia huyu, na huyu anamwangalia yule.

Nyanzala akaondoka. Akarudi na tenga, ndani vifaranga wake waliobaki. Akapita katikati ya watu walewale aliokuwa anacheka nao sasa hivi.

"He! Na wewe unajipeleka jela?"

Hakugeuka. Akafika mbele ya banda, kope zimemlowa. Akasema, "Sogea, shoga. Tuwe wawili."

Kalunde akasogea.

Sisi tunamsifia sana wa kwanza, na ni haki yake. Lakini wa kwanza yupo kila siku. Yupo kazini kwako, yupo kwenye ibada, yupo kwenye kikao cha mtaa. Anaingia, anageuka, anatuangalia tulivyosimama, anatoka. Mwewe naye anashuka kila siku.

Haya, wewe hapo umeegemea uzio, wenzako wanacheka kulia na kushoto, na yule mmoja kaingia, sasa hivi anageuka kukuangalia. Ungefanyaje?