Mwiko wa Bi Msiri na Moto wa Zambarau

Kaeni, na mwenye haraka akachote maji.

Bi Msiri, mpishi mkuu wa harusi, alitaka kustaafu. Mwiko wake ungeshikwa na mjukuu mmoja tu, maana chungu cha wapishi wawili hutiwa chumvi mara mbili. Wajukuu walikuwa watatu. Siwatu hakusahau alichosoma. Mwanakombo alikuwa msafi hadi kero. Sufuria aliisugua hata ikaomba radhi. Chausiku aliokota takataka, eti zitafaa.

Siku ya harusi yake ya mwisho, mvua ilifuta maandishi kwenye ndoo mbili za punje nyeupe: moja chumvi, moja mbolea ya potasiamu. Mto umefurika, dukani hakwendeki, wageni mia tatu wameshanawa. Bi Msiri akakataza kuonja.

"Anayeonja sumu ili ajue ni sumu, tumzike na jibu lake?"

Siwatu akasema waulize moto. Kila punje imejaa atomu, akaeleza, na atomu ni nyumba: kiini katikati, na elektroni ndio wapangaji vyumbani. Sodiamu ya chumvi ina wawili, wanane, na mmoja mlangoni. Potasiamu ina wawili, wanane, wanane, na mmoja mlangoni. Moto humrusha juu huyo wa mlangoni. Akirudi hutema mwanga, kila nyumba na rangi yake. Chumvi njano, mbolea zambarau.

Wakachovya waya kwenye kila ndoo kwa zamu, wakauweka kwenye moto wa jiko la gesi. Ndoo zote mbili: njano.

"Nyumba zako zimepakwa rangi na fundi mmoja," Bi Msiri akamwambia.

Mwanakombo akautazama waya, kisha vidole vya Siwatu vilivyolowa jasho. Jasho nalo ni chumvi. Akausugua waya kwa siki, akauchoma hadi moto ukaacha kutoa njano. Ndoo ya pili sasa ikatoa njano hafifu, lakini njano: chembe chache tu za chumvi hutosha kuifunika zambarau.

Chausiku akachomoa kigae cha chupa ya buluu. Akamwambia bibi autazame moto kupitia hapo.

Kioo kikaimeza njano. Nyuma yake ikachanua zambarau, laini kama ua la biringani. Bi Msiri akakisogeza kigae karibu na jicho. Kitu asichoweza kukiona kilikuwa kimeruka, kikarudi, kikamwonyesha kilipofika.

"Miaka arobaini mchuzi ukifurika moto unageuka njano, nami nautukana," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unaniambia umekula chumvi."

Wali ukaiva, watu wakala, hakuzikwa mtu.

Bila Siwatu, nani angeuliza moto? Bila Mwanakombo, waya ungedanganya. Bila Chausiku, njano ingeficha ukweli. Bi Msiri bado ameshika mwiko, na mkono unamuuma.

Je, nyie mngemkabidhi nani?