Mwiko wa Mshamu

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima humwombea rehema, palikuwa na mpika haluwa jina lake Mshamu katika mji wa Jongeani. Hakuwa na kitu ila sufuria moja kubwa la shaba, mwiko mrefu kama kasia, na kibanda cha makuti nyuma ya kasri. Na upepo wa mji ule haukuwa na adabu hata kidogo, maana kila siku uliuchukua moshi wa Mshamu ukauingiza madirishani mwa Sultani Mahfudhi, ukamtoa machozi mbele ya wageni wake.

Sultani akatamani kukibomoa kibanda, lakini mila ya Jongeani ilikuwa kwamba mwenyeji hafukuzwi ila akithibitishwa kuwa mwongo mbele ya kadhi na watu wa baraza. Basi Waziri Nasibu, mtu aliyependa kutabasamu mwenzake akilia, akamnong'oneza bwana wake neno, na Mshamu akaitwa.

"Ewe Mshamu," akanena Sultani, "nasikia huishiwi maneno. Ijumaa utakuja barazani useme jambo kubwa utakalolitenda, ambalo mwanadamu hajapata kulitenda. Likiwa kweli, utakaa kibandani mwako mpaka ufe. Likiwa uongo, utauhama mji jua halijatua. Na ukinyamaza, utahama vilevile."

Mkewe, Bi Mize, aliposikia hayo akalia, akaanza kufunga vyungu na mikeka. "Mume wangu, nilikwambia tusijenge karibu na wakubwa!" Mshamu aliendelea kukoroga, maana haluwa ikiwa motoni haiachwi, mwiko ukisimama tu, inashika chini na kuungua. Ikawa anakoroga na kuwaza, anawaza na kukoroga, mara akautazama ule mwiko akacheka peke yake.

Ijumaa ilipofika, baraza likajaa. Mshamu akainama, akasema, "Bwana wangu, ikiwa wewe mwenyewe, kwa mikono yako, utakoroga sufuria langu la haluwa tangu kuinjikwa hadi kuiva, bila kupokewa, basi mimi nitaruka kama kunguru na kutua juu ya paa la kasri lako."

"Mwongo!" akapiga kelele Waziri. "Mtu haruki! Afungashe!"

"Taratibu, Waziri," akasema Kadhi. "Hakusema ataruka tu. Amesema ataruka Sultani akikoroga hadi haluwa iive. Je, Sultani amekoroga?"

"Hajakoroga."

"Basi nionyeshe uongo ulipo, nami nihukumu."

Waziri akaja juu. "Sultani hatakoroga abadani! Neno lililofungwa kwa jambo lisilotokea ni neno tupu. Mtu huyu hakusema kitu, na asiyesema kitu anahama!"

Mshamu akamgeukia kwa heshima zote. "Mheshimiwa Waziri, kila Ijumaa mpiga mbiu hutangaza kwa amri ya Sultani kwamba mtu akiiba ng'ombe wa kasri, atatupwa gerezani. Miaka saba hapajaibwa hata ndama. Je, bwana wetu miaka saba hakusema kitu?"

Watu wakaziba vinywa wasicheke.

Sultani, aliyekuwa mtu wa ubishi, akasimama. "Ala! Na nikikoroga je? Twendeni kibandani!"

Basi akavua joho, akashika mwiko, na mji mzima ukamfuata kutazama. Mshamu akajifunga shuka kiunoni, akapanda juu ya kinu, akawa anapunga mikono kuupima upepo. Moshi ukampanda Sultani machoni.

"Mshamu, unauvumilia vipi moshi huu?"

"Nimeuzoea, bwana wangu. Huo unaokufikia dirishani ni mabaki yangu."

Haluwa ikaanza kuwa nzito, mwiko ukamwelemea Sultani. Waziri akajipenyeza aushike mwiko, watu wakapiga kelele, "Bila kupokewa!" naye akarudi nyuma.

"Niambie kweli," akahema Sultani. "Utaruka?"

"Koroga tu, bwana wangu. Tutajua sote wawili."

Sultani akamtazama Bi Mize, ameketi juu ya mizigo yake akifuta machozi, na kwa mara ya kwanza akaona haya. Na hapo harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Ipokee!" akalia Sultani. "Ipokee isiharibike!"

Mshamu akaruka, lakini kutoka juu ya kinu hadi chini tu, akaudaka mwiko akaiokoa haluwa. Kadhi akakohoa. "Sultani hakufikisha. Neno la Mshamu halijawa uongo, na Mshamu hahami."

Sultani akaangua kicheko mpaka akakaa chini, juu ya gunia la sukari. Akaamuru madirisha ya upande ule yawekewe mbao, na Waziri Nasibu azipigilie mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Mshamu alipeleka kasrini sahani ya haluwa, na pembeni yake mwiko uliooshwa, pamoja na salamu hizi: "Ikiwa bwana wangu angali anataka kujua, mwiko huu hapa." Sultani alikuwa akiila haluwa yote, na mwiko akiurudisha.