Kilemba kwa Taya la Fundi Shaali

Mwenye kutafuna ameze kwanza. Kisa hiki ni cha taya, nisije nikalaumiwa mimi.

Hapo mjini Chake walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Daktari Vuai, wa meno, alikuwa na macho: kasoro ya kinywa haimpiti. Tabibu Lupembe, mtu wa bara, alikuwa na mikono: alitibu kwa kairopraktiki, yaani kunyoosha shingo, mgongo na viungo kwa viganja vyake, bila kisu wala sindano. Bi Mize alikuwa na masikio. Lakini Bi Mize ni mke wa nyumbani, na masikio ya mke nani huyahesabu?

Mumewe, Fundi Shaali, alikuwa mpiga zumari. Miaka thelathini alipuliza shingo kaipinda kushoto ili awaone wachezaji. Siku moja taya likagoma. Mdomo haukupanuka zaidi ya kidole kimoja. Chakula chake uji kwa kijiko cha chai, na zumari ndiyo basi tena. Watu wakasema ni jino. Akang'olewa magego mawili mazima kabisa. Mawili! Na aliyeyang'oa hata pole hakusema.

"La tatu haling'oki!" Bi Mize akasema, kasimama mlangoni kazuia njia. Yeye ndiye aliyesikia: mumewe akifumbua kinywa, mbele ya sikio panalia ka! Akijilaza baada ya chakula cha mchana, meno yanasagana. "Jino halilii huko. Hiyo ni bawaba ya taya." Akamshika mkono hadi kwa Daktari Vuai. Asingesikia yeye, Fundi angebaki kibogoyo na maumivu yake palepale.

Daktari Vuai akatazama, akapima, akapiga picha. "Bi Mize kasema kweli. Kiungo cha taya ndicho kibovu." Akamtengenezea kibao cha plastiki cha kuvaa akilala, meno yasisagane. Maumivu yakatulia. "Ila huku kukaza kunaanzia shingoni, na shingo si fani yangu. Nendeni kwa Lupembe." Asingeona yeye, kiungo kingezidi kulika.

Tabibu Lupembe akaipapasa shingo, akailegeza taratibu, wiki baada ya wiki, na misuli ya shavu nayo. Mdomo ukapanuka vidole viwili, kisha vitatu. "Nyumbani mazoezi, na kitambaa cha maji ya moto, asubuhi na jioni," akaagiza. Asingeshika yeye, zumari ingebaki ukutani. Na maji hayo ya moto, miezi minne, aliyachemsha nani?

Basi zumari ikalia tena, harusini. Sasa mafundi wa zumari wana mila yao: aliyeugua akapona, siku ya kurudi ngomani humfunga kilemba mtu mmoja tu, yule aliyemponya. Fundi Shaali akasimama, kitambaa cha kilemba mkononi.

"Aliyeujua ugonjwa ndiye aliyeponya," akasema Daktari Vuai.

"Kujua si kutibu," akajibu Tabibu Lupembe. "Mdomo huo umefunguliwa na mikono hii."

Wakabishana weee, Bi Mize yupo papo hapo na hakuna hata mmoja aliyemtupia jicho. Damu ikamchemka.

"Na mimi je?"

Mkuu wa ngoma akaangua kicheko. "We Bi Mize! Mwanamke na kilemba, wapi na wapi? Kumuuguza mumeo ni wajibu wako."

"Wajibu? Na hawa kutibu si wajibu wao? Walisomea nini, kushona viatu? Wajibu wao unafungwa kilemba, wangu unachekwa! Mngekuwa na haya nyie!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe Shaali, taya si limefunguka? Haya, sema!"

Fundi Shaali akaupanua mdomo, vidole vitatu kamili, na neno halikutoka.

Nanyi mnaonisikiliza, mataya yenu mazima. Kilemba ni kimoja, vichwa vitatu. Je, ungekuwa wewe, ungemfunga nani?