Majina Yaliyolindwa na Betri

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya kompyuta za kwanza, tauni iliwalaza watoto arobaini wa misheni ya Ilembani katika makaburi yasiyo na misalaba. Mchungaji aliyahifadhi majina yao ndani ya kompyuta, na betri ndogo ikayalinda hata umeme ulipokatika. Kila siku saa tisa, saa aliyokata roho Mwokozi, mashine ililia mara moja, ikaonyesha jina moja na kaburi lake. Mzee Asheri, mlinzi wa kanisa, alilisoma kwa sauti, na waliokuwapo wakaitika, “Yupo kwa Bwana!”

Mchungaji alipokuwa akifa alimwapisha Asheri: betri isiguswe kamwe.

Miaka mingi baadaye akaja Bi Naomi, aliyekuwa ugenini bintiye Tulizo alipozikwa.

“Mzee, hukumbuki kaburi lake?”

“Mama, mimi husoma tu. Kukumbuka ni kwa mashine.”

Siku thelathini na nane aliitikia watoto wa wenzake, akingoja zamu ya Tulizo. Yakabaki makaburi mawili yasiyoitwa, moja likiwa la Tulizo.

Siku hiyo fundi Mbonea, aliyekuja kukagua kompyuta, alifungua kifuniko chake. Unga wa kijani ulikuwa umetambaa kutoka kwenye betri, ukitafuna shaba kimyakimya.

“Mzee, inavuja! Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana. Nimekuwa nikipangusa.”

“Umepangusa donda ndugu kwa kitambaa! Nikiing'oa, majina yatafutika. Tuyanakili yote sasa, kisha niitoe.”

“Nimekula kiapo,” akasema Asheri.

Bi Naomi akaziba mlango, fundi asitoke kuleta karatasi. “Sitaki aandikwe, nataka aitwe! Sikumzika, niacheni niitike. Siku mbili tu, baba.”

Fundi akayaona machozi yake, akarudisha bisibisi mfukoni.

Kesho yake, saa nane, kioo cha kompyuta kikazimika. Mbonea akaing'oa betri iliyooza, akachomoa na waya ukutani. Alikuwa amechelewa: majina yalikuwa yamekwenda.

Ilipotimia saa tisa, mashine ikalia, ingawa haikuwa na betri wala umeme. Kioo kilikuwa cheusi. Asheri akafumbua kinywa, asipate jina. Ikalia mara ya pili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Huko nje Bi Naomi alisimama kati ya makaburi mawili. “Yupo kwa Bwana!” akalia, asijue amgeukie nani.

“Nilitii kiapo,” Asheri alisema.

“Nilijua, lakini nilimhurumia,” Mbonea alisema.

“Nami ni mama,” Bi Naomi alisema.

Enyi mnaosikia, msihukumu kwa haraka, wala msijifiche nyuma ya huruma. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na ardhi hii nayo inangoja jibu. Je, nani kati ya hao watatu alimpoteza Tulizo mara ya pili?